Nukta ya Babu

Chumbageni, Tanga
20 Januari 2019

Mwanangu Zabibu,

Assalaam alaykum. Salamu hizi nataka uzisome kabla Pandu hajakufungulia mizigo yake, maana namjua, akishaanza kuuza dagaa barua husahaulika mfukoni wiki nzima. Huku tu wazima. Mkazamjomba wako Mwanakombo goti bado linamsumbua ila mdomo hauna ugonjwa wowote, na amesema nikuandikie kuwa ile kanzu uliyonishonea inanibana tumboni kwa makosa ya tumbo, si ya fundi. Vuli ilikuja kidogo ikaondoka. Nyumba ya marehemu mama yako tumeipaka chokaa, na mpangaji wa chumba cha uani ameoa.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Binti yako Saida amenikatia mawasiliano.

Kupiga simu unajua siwezi. Sikio la kulia limekufa na la kushoto kwenye simu linasikia upepo tu. Ndiyo maana wewe nakuandikia barua kama tulivyozoea tangu ulipoondoka, na mjukuu wangu namwandikia kwenye simu, kwa Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili anakisikia lakini hajibu kwacho. Nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na nane katika wilaya tatu. Nikaona hii ni bahati yetu sote: yeye apate babu, mimi nipate mwanafunzi wa mwisho.

Nisiseme uongo, maandishi yake yalinishtua toka siku ya kwanza. Ile I ya kusema mimi anaiandika kwa herufi ndogo, kana kwamba yeye si mtu. You ni u. Are ni r. Mkato hana, nukta hana, sentensi nne zinatoka kwa mkupuo mmoja. Mwezi wa Agosti alinieleza kuwa rafiki yake anaumwa, kisha akaendelea: they are in hospital. Nikamuuliza, marafiki wangapi wamelazwa? Akajibu mmoja. Mmoja anakuwaje they? Akaniletea kikatuni cha uso unaocheka mpaka unatoa machozi.

Basi nikawa namsahihishia. Nachukua ujumbe wake, nauandika upya kwa kanuni zake zote, namrudishia. Sikumkaripia hata siku moja, na yeye alikuwa akinijibu ok babu, tunaendelea.

Tarehe kumi na mbili Desemba akaniandikia: babu i got 71 for english im so happy. Sabini na moja, Zabibu. Nilimwita Mwanakombo kutoka jikoni na mikono yake ya unga. Siku hiyo sikumsahihisha chochote. Nilimjibu maneno mawili, kwa furaha na heshima yote: Well done. Umefanya vyema. Herufi kubwa mwanzo, nukta mwisho.

Tangu hapo kimya. Nimemwandikia mara sita. Anasoma, maana zile alama mbili zinageuka buluu, lakini hajibu. Nina miaka sabini na miwili, na kwa dada yangu mmebaki wewe na yeye tu. Nimemkosea nini? Muulize kwa upole, kisha niambie hata kama jibu lenyewe ni baya.

Mumeo Nassir mpe salamu zangu.

Mjomba wako,
Mwadini


La Rochelle, Johannesburg
3 Machi 2019

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa, dagaa kwanza, barua siku ya pili. Pandu aliniletea dukani Marshalltown nikiwa na sare za shule mpaka kiunoni. Januari na Februari ndio msimu wetu, mimi na Brigitte, yule Mkongo wa Lubumbashi ninayeshona naye, hatukupata hata nafasi ya kunywa chai. Na umeme sasa unakatwa kwa zamu, saa mbili mbili, kwa hiyo cherehani ya miguu tuliyoicheka imekuwa malkia wa duka. Mkazamjomba mwambie goti alikande kwa mafuta ya moto. Kanzu niletee kupitia Pandu niitoe pembeni, nimeacha kitambaa cha kutosha ndani kwa sababu tumbo lako nalijua. Mimi na Saida hatujambo. Nassir hajambo, alikuwa akikusalimu sana.

Nilimuuliza Saida akiwa anaosha vyombo. Yeye alijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, nakuandikia kwa lugha yetu.

"Babu amenikasirikia," akasema.

"Amekukasirikia lini?"

"Nilipomwambia marks zangu. Aliweka full stop."

Nilidhani maji ya bomba yamenifanya nisisikie vizuri. Nikafunga bomba. Akakausha mikono, akaleta simu, akaweka kidole chini ya ile nukta yako. "Eish, mama, si unaona?"

Mjomba, niliona nukta. Nikamwambia hiyo ni nukta, kila sentensi inayo. Akanitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. Akanieleza kwamba kwao hakuna mtu anayemalizia ujumbe wa simu kwa nukta. Ujumbe ukiisha unauona umeisha. Anayeiweka anaiweka makusudi, ili ujue amechukia. Well done bila nukta ni hongera. Yenye nukta ni kama kuambiwa haya, tumekusikia, nenda zako. Nikamwambia babu yako hajui hayo. Akasema, "He was an English teacher, mama." Mwalimu wa Kiingereza atakosaje kujua?

Siku ya pili nikamsimulia Brigitte, nikitegemea atacheka. Hakucheka. "Mutoto analia juu ya point?" akasema. "Lakini ana haki. Papa yangu alikuwa anasema un point, c'est tout, nukta basi, na pale hakuna mutu anaongeza neno. Hata mama ananyamaza."

Nikakumbuka. Wewe je, mjomba? Nilipotaka kwenda kwenye ngoma ya harusi ya kina Pandu, nikiwa na miaka kumi na mitano, ulisema nini? Ulisema, "Huendi, nukta," ukachukua kofia yako ukatoka. Nakumbuka na siku nyingine uliyosema hivyo, lakini hiyo tuiache. Sasa leo unashangaa mtoto kuogopa nukta?

Na hilo la they usinichekeshe. Sisi tuna yeye mmoja kwa mwanamke na mwanamume tangu enzi za mababu, na hakuna aliyezirai.

Mwandikie bila nukta, mjomba. Ni kitu kidogo.

Mwanao,
Zabibu


Chumbageni, Tanga
14 Aprili 2019

Zabibu mwanangu,

Marahaba. Kanzu anakuja nayo Pandu, pamoja na pilipili na ule ubani wa Mwanakombo. Goti limekandwa, limepungua. Masika yameanza vizuri na paa la mama yako halivuji.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nimepigwa na butwaa ambalo halijaniondoka mpaka leo. Nukta, Zabibu? Nukta ndiyo kitu cha kwanza nilichomfundisha kila mtoto aliyepita mikononi mwangu. Wengine walishindwa mkato, wengine walishindwa kila kitu, lakini nukta waliondoka nayo. Leo naambiwa imekuwa tusi, na mimi nimemtukana mjukuu wangu siku ya furaha yake.

Nilidhani ni mambo ya Johannesburg. Nikaenda kwa Mselem. Unamkumbuka, mwanafunzi wangu, sasa naye anafundisha Kiingereza sekondari, mtu mzima ana watoto wawili. Nikamwonyesha ule ujumbe, nikamuuliza anaona nini. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ni kwenye simu au kwenye karatasi?" Nikamwambia kwenye simu. Akasema, "Kwenye simu, mwalimu, hapa umechukia kidogo." Mselem, niliyemfundisha mimi. Akaniambia kuwa mara ya kwanza nilipomwandikia ujumbe, Come tomorrow. yenye nukta yake, hakupata usingizi akijiuliza amekosa nini. Nilirudi nyumbani sikunywa hata maji.

Ngoma ile ya kina Pandu nilikosea, nimekubali. Lakini kuiondoa nukta siwezi. Si ubishi. Nikiandika sentensi bila nukta najiona nimetoka nje sijafunga vifungo. Nimwandikie mtoto kitu nisichokiamini, halafu nimwambie ndio upendo? Mfundishe wewe kwamba nukta ya babu ni nukta tu.

Sasa na mimi nina swali la sarufi. Umeandika, "Nassir hajambo, alikuwa akikusalimu sana." Alikuwa akinisalimu. Lini? Na mbona umeandika mimi na Saida hatujambo, kisha Nassir peke yake kwenye sentensi yake? Barua zako za miaka yote zilisema sisi. Nimezitoa sandukuni nikahakikisha.

Nijibu hilo.

Mjomba wako,
Mwadini


La Rochelle, Johannesburg
9 Juni 2019

Mjomba,

Shikamoo, na Idd mubarak japo imepita siku chache. Tuliswali, tukapika pilau kwa ubani... nimekosea, kwa pilipili zenu, ubani tuliuchoma, na nyumba nzima wakauliza kuna harusi gani. Kanzu nimeitoa pembeni vidole vinne, usiongeze zaidi. Baridi imeanza, hii ya huku inayoingia kwenye mifupa, na Saida anavaa blanketi kutoka kitandani mpaka mezani. Brigitte anakusalimu na anauliza kama umeoa mke wa pili, kwa sababu anasema mwanamume anayeandika barua ndefu hivyo hana kazi.

Mjomba, barua zangu si mitihani. Naandika nimechoka, mguu mmoja uko kwenye cherehani. Kama alikuwa na akikusalimu vimenitoka vibaya, ndivyo vilivyonitoka. Nassir yuko Durban kwa shughuli zake. Alisema anakuja just now. Hilo ndilo jibu.

Saida ujumbe wako anausoma. Namwona. Ukifika anakaa nao kidogo, anauvuta na kidole kwenda juu na chini, kisha anaifunika simu kifudifudi mezani. Juzi ulimwandikia, Eid Mubarak, my dear granddaughter. I love you. Nikamwambia soma, babu yako anakupenda, kakuandikia mwenyewe. Akasema, "With a full stop, mama?" Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama usoni nikaona mtoto ana hofu kabisa, si madeko. Sijui ni hofu ya nini. Nikimuuliza ananyamaza, na hilo la kunyamaza kalirithi kwetu sote.

Unasema ukiacha nukta unajiona hujafunga vifungo. Basi tembea bila kufunga siku moja, mjomba. Nani atakuona?

Mwanao,
Zabibu


Chumbageni, Tanga
8 Septemba 2019

Zabibu mwanangu, roho yangu,

Namshukuru Mungu kila nikivuta pumzi. Barua hii naituma kwa posta kwa kuwa Pandu ameahirisha safari mpaka mambo ya huko yatulie. Sisi wazima. Mwanakombo amekonda siku tatu hizi. Brigitte mwambie mke wa pili sina, na wa kwanza ananitosha kunisema.

Nitakueleza yaliyotupata, maana kwenye simu ya Ijumaa Mwanakombo alikuwa analia na mimi sikusikia neno.

Jumatatu redio ilitangaza kuwa Johannesburg maduka ya wageni yanavunjwa na kuchomwa. Mwanakombo akakupigia, simu haipatikani. Jumanne, baada ya swala ya adhuhuri, simu yangu ikalia. Saida. Mara ya kwanza tangu Desemba. Kwa haraka ya kuifungua niliiangusha. Aliandika hivi: babu me n mama were safe

Basi. Hakuna kingine.

Niliusoma kama mwalimu, Mungu anisamehe. Nikasema moyoni, hapo me alitakiwa aandike I. Hiyo n ni and. Kisha nikafika kwenye were, neno pekee alilolinyoosha likawa kamili. Were, wingi, wakati uliopita. Mimi na mama tulikuwa salama. Tulikuwa. Ina maana hatuko tena.

Nikamwandikia, And now? Ikabaki na alama moja. Nikaandika tena, alama moja. Mwanakombo aliniona nimekaa kizingitini, akaja, nikamtafsiria. Akapiga ukelele uliotoa watu majumbani. Hata mimi na masikio haya niliusikia. Jumatano mikeka ilikuwa imetandikwa uani. Watu waliniambia, Mwalimu, tusubiri uhakika, na mimi nikawajibu kwamba uhakika ninao, kitenzi kiko wazi. Nilikuwa nabishana na watu wanaonitakia heri.

Alhamisi Mselem akaja na suti yake nyeusi kunipa pole. Akaomba auone ujumbe. Aliutazama muda wa kupepesa jicho. "Mwalimu, hawa wazima," akasema. "Ni we're. We are. Hakuweka ritifaa tu." Akachukua kalamu mfukoni mwangu, akaandika nyuma ya bahasha we're safe, akaizungushia duara ile alama iliyo juu.

Ritifaa, Zabibu. Ile ile ya ng'ombe. Tuko salama. Mtoto ameniandikia tuko salama, nami nikakutandikieni matanga. Nilishindwa kucheka na nilishindwa kulia. Watu walikunja mikeka kimya kimya, na mmoja akanigusa bega akaondoka.

Nitakwambia ninalolihisi, na si zuri. Nimekasirika. Watu wawili wamekufa na kufufuka uani kwangu kwa kukosa mkwaruzo mmoja wa kalamu. Lakini zile siku mbili nilikuwa nazisoma upya jumbe zangu zote nilizomtumia. Zipo arobaini na tatu, na kila moja ina nukta. Nilijaribu kuziona kama anavyoziona yeye. Nimeshindwa, ila nimejaribu.

Sasa lile jingine. Barua yako ya Juni ilisema Nassir anakuja just now. Nilifundisha kwamba just now ni punde hivi, jambo lililopita, na sikuelewa mtu anakujaje wakati uliopita. Pandu akanieleza mwezi wa Julai. Alisema, "Mwalimu, kule just now ni baadaye. Inaweza kuwa leo, inaweza kuwa keshokutwa, inaweza kuwa ndio basi." Nilinyamaza nikisubiri useme mwenyewe. Lakini wiki ile ya moto mlikuwa wawili. Saida hakuandika baba. Niambie, kwa sentensi moja, kitenzi kikiwa kwenye wakati wake wa kweli. Sitasema neno baya.

Mjomba wako,
Mwadini


Joubert Park, Johannesburg
29 Septemba 2019

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Barua imefika kwenye sanduku letu la posta kwa siku kumi na tano, tumeshangaa sote. Utaona anwani si ya La Rochelle. Tuko kwa Brigitte, ghorofa ya sita, mpaka nipate chumba kingine, nao wametupokea kama ndugu wa tumbo moja. Duka halikuchomwa. Tulifunga mlango Jumanne asubuhi tukatoka na cherehani moja, na Saida ndiye aliyeishika upande mmoja mpaka kwenye teksi. Ujumbe ule aliuandika kwenye ngazi za jengo hili, simu ikiwa na asilimia moja. Akaniambia, "Babu lazima ajue." Kisha ikazima kama yangu iliyozima tangu Jumatatu, na chaja zilikuwa La Rochelle.

Niliposoma habari ya mikeka nilikaa chini. Nimelia, halafu Brigitte akauliza nalia nini, nikamtafsiria, akalia na yeye.

Nassir aliondoka.

Hiyo ndiyo sentensi. Aliondoka Novemba mwaka jana, ana mke mwingine Durban na wana mtoto anayetambaa. Sikukuandikia kwa sababu ya ile siku niliyosema tuiache. Mwaka wa elfu mbili na moja nilikuja kukuomba niolewe naye tuondoke, ukasema, "Kwa huyu hapana, nukta," ukachukua kofia. Mimi nikaondoka hivyo hivyo. Ningeanzaje kukuandikia kwamba nukta yako ilikuwa sawa? Nilipendelea uone makosa ya sarufi.

Lakini si hilo ninalotaka kukwambia hasa. Siku zile mbili tulizokaa gizani hapa bila simu, Saida aliniambia jambo ambalo mimi mama yake sikulijua.

Nassir alipoondoka alikuwa akimwandikia kila siku, kwa ule uandishi wao, herufi ndogo, bila alama yoyote, mioyo mingi. Mtoto aliamini baba anarudi. Tarehe ishirini na saba Novemba ilikuwa siku ya zawadi shuleni, akamwandikia baba yake, ur coming right? Utakuja, sivyo? Baba akamjibu neno moja: Okay. Herufi kubwa mwanzo, nukta mwisho. Hakuja. Na hilo ndilo neno la mwisho alilowahi kumwandikia. Namba yenyewe haipo tena.

Siku kumi na tano baadaye akapata ile sabini na moja. Hakuwa na mtu wa kumkimbilia ila wewe. Na wewe ukamjibu, Well done.

Mjomba, hakuogopa kwamba umemchukia. Aliona unaondoka. Alikuwa anazisoma jumbe zako na kutojibu kwa sababu alidhani akijibu, ndipo utakapomwandikia lile la mwisho. Miezi tisa mtoto amekaa na hili peke yake, mezani kwangu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi yake. Ameandika Kiswahili, mara ya kwanza maishani mwake, na hakutaka nimsaidie.

Mwanao,
Zabibu

*

Babu.
Mimi na mama iko salama.
Pole ya kuandika mbaya. Ile ilikuwa we're.
Nimeweka hii dot kwa Babu kwa sababu Babu anapenda.
Saida.


Chumbageni, Tanga
20 Oktoba 2019

Zabibu mwanangu,

Marahaba, wewe na Saida na Brigitte na wote wa ghorofa ya sita. Mwanakombo hajambo. Pandu anaondoka Alhamisi na atawaletea mashuka mawili, dagaa na barua hii, na nimemwambia barua kwanza.

Nassir simzungumzii. Ile nukta ya mwaka wa elfu mbili na moja naitoa. Haikuwa sawa, hata kama yaliyotokea yametokea. Ningebaki chumbani nikakusikiliza, ungekuwa na mahali pa kuniandikia Novemba ile. Nisamehe.

Karatasi ya Saida iko ndani ya msahafu wangu. Nimehesabu nukta sita. Najua sasa kila moja ilimgharimu nini kuiweka kwa ajili yangu. Kuna mahali ameandika iko badala ya tuko. Sikuligusa, na kalamu nyekundu nimempa Mselem aende nayo shuleni.

Nilifundisha miaka thelathini na nane kwamba nukta maana yake mwandishi amemaliza, hana zaidi. Hivyo ndivyo nilivyoandika ubaoni. Katika wanafunzi wangu wote, Saida peke yake ndiye aliyeliamini somo lile. Sikuwa na haki ya kushangaa.

Leo asubuhi nimemwandikia kwenye simu. Imenichukua muda mrefu, kwa sababu simu yenyewe ukigusa nafasi mara mbili inaweka nukta bila kuulizwa, nami nikawa naifuta, inarudi, naifuta. Mselem alinionyesha namna ya kuizuia. Nimemwandikia upya ule ujumbe wa Desemba, well done Saida, nikaacha mlango wazi. Alama mbili zimegeuka buluu hapo hapo, na kabla sijaweka simu chini amejibu: babu u there

Alama ya kuuliza hakuweka. Nimeielewa hata hivyo. Naweka kalamu nimjibu, siwezi kuandika simu na barua kwa pamoja, na wewe utakaposoma hapa mwambie kwa mdomo wako, kwa Kiswahili, kwamba babu yupo